Kufuli tatu: nilichojifunza kuhusu katiba nikiwa steshenari

Nina steshenari ndogo hapa Tabora mjini, huku Ng'ambo. Printa mbili, mashine moja ya fotokopi inayogoma kila mvua zikianza, na kompyuta ya mezani ambayo ndani yake kuna folda nimeiita KATIBA. Humo zimo mia na kitu. Vikoba, bodaboda, wafuga nyuki, akina mama wa kuku, vijana wa kufyatua tofali, wote hao kabla hawajasajiliwa halmashauri wanaambiwa leteni katiba, hasa wale wanaofukuzia ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), kwahiyo wanakuja kwangu na daftari limeandikwa kwa peni, mi nachapa, natoa kopi tatu, tunaachana.

Wengi wanakopi. Kuna wafuga nyuki wa njia ya Sikonge waliniletea katiba ina kifungu kinasema mwanachama atakayeharibu nyavu za kikundi atalipa, nikawauliza nyavu za nini jamani, kumbe wameitoa kwa shemeji yao Kigoma kwenye kikundi cha wavuvi wa dagaa. Tulicheka ila nyavu hazikutoka. Walisema iache tu, inaonekana ya kitaalamu.

Sasa mimi sio mwanasheria, form four yangu nilimaliza kwa shida, lakini ukichapa katiba mia na kitu halafu ukakaa mji huo huo ukaona vikundi vipi vinakufa na vipi vinadunda, kuna kitu unaanza kukielewa, na kila nikisikia watu wanabishana redioni kuhusu katiba mpya ya nchi huwa natamani nipige simu ila vocha sina. Ndo naandika hapa.

Nianze na mama mmoja, mwenyekiti wa kikoba, mtu mzima, anaongea taratibu. Alikuja na daftari lake nikawa nachapa, nikafika kwenye sanduku la fedha, pameandikwa sanduku litakuwa na kufuli tatu, funguo zitakaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe litalala kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo wowote. Mi kwa kujifanya mjuaji nikamwambia, mama, si mngeweka kufuli moja tu kubwa, akae nalo mweka hazina, mbona mnamwamini? Akaniangalia. "Mwanangu, tunamwamini sana. Ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ndo maana nataka nisije nikamchukia."

Hapo niliacha kuchapa kidogo.

Maana ukiangalia vizuri ile kauli, hajasema mdogo wake mwizi. Amesema mdogo wake ni binadamu, ana mtoto anaweza kuumwa usiku, ana mume anaweza kumlilia shida, na sanduku lenye ufunguo mmoja lipo chini ya kitanda chake. Kufuli tatu zinamkinga yeye pia. Sasa chukua hiyo akili ya mama wa kikoba, ipeleke kwenye nchi, uone tunavyofanya kinyume kabisa! Kwenye nchi tunauliza nani atakuwa rais, je ni mtu mzuri, ana hofu ya Mungu, basi tumpe. Funguo zote tatu, na sanduku, na kitanda.

Katiba yetu ya 1977 ibara ya 8 inasema vizuri tu kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Safi. Ukishuka chini sasa. Ibara ya 36 inampa rais kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka na kuteua watu. Ya 37 inasema halazimiki kufuata ushauri wa mtu, labda pale katiba au sheria inapomlazimisha. Wakuu wa mikoa anateua yeye. Wabunge 10 anateua yeye. Tume ya uchaguzi ibara ya 74 anateua yeye, na ndio, najua 2024 jina limebadilishwa ikaitwa Tume Huru na kuna kamati ya usaili inapeleka majina, ila kalamu ya mwisho ni ile ile. Halafu ibara ya 41(7) inafunga mlango: tume ikishamtangaza rais hakuna mahakama ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mwalimu Nyerere mwenyewe alishawahi kukiri kwamba katiba inampa madaraka ya kutosha kuwa dikteta akitaka. Alikuwa anajisifia au anatuonya sijui, lakini alisema kweli, na alisoma hapa hapa Tabora Boys, kwahiyo tunamsikiliza.

Kuna katiba moja niliichapa mpaka leo inaniuma. Vijana wa bodaboda, kijiwe kimoja hapa mjini sitakitaja. Mwenyekiti wao alikuwa jembe kweli, ndiye aliyewapigania na askari, ndiye aliyewatafutia rifleksa. Wakaniletea kifungu kinasema mwenyekiti atateua katibu, mweka hazina na kamati ya nidhamu, na maamuzi yake katika mkutano yatakuwa ya mwisho. Nikachapa. Elfu tatu zangu nikachukua. Miaka miwili haikuisha kijana akaanza kukopesha hela za kikundi kwa watu wake, ukihoji unapelekwa kamati ya nidhamu, kamati aliyoiteua yeye, na ukitaka kuitisha mkutano wa kumtoa, katibu hauitishi kwa sababu katibu kawekwa na nani? Na hakuanza kama mtu mbaya, ndo kinachoniuma. Ile katiba ilimlea vibaya, na waliompa walimpa kwa upendo kabisa.

Kwahiyo kwangu mimi kanuni ya kwanza ya katiba yoyote, hata ya wafuga kuku, iandikwe kwa kumfikiria kiongozi unayemuogopa, sio huyu unayempenda. Huyu mzuri hatapungukiwa kitu akiwekewa kufuli, atafanya kazi zake. Mbaya ndio atahangaika.

Watu wakisikia serikali yenye mipaka wanafikiri ni maneno ya wazungu, Marekani 1787 Philadelphia na nini. Sawa, wale walikaa wakagawa, bunge lina lake, rais ana lake, mahakama ina lake, na wakasema serikali kuu itafanya yale tu iliyotajiwa. Lakini hata huku Unyamwezini wazee wanasimulia mtemi hakuwa anaamua peke yake, alikuwa na wanyampara wake, wazee wa baraza. (Leo nyapara ni mtu wa gerezani anayewapigia kelele wafungwa wenzake, ona neno lilivyoporomoka.) Mtemi mgumu kusikia wazee alikuwa na wakati mgumu kwa sababu chakula na watu wa vita vilipitia kwao. Ila ikaja biashara ya pembe na bunduki, ndo unamkuta Mirambo wa Urambo mpaka anakufa 1884 ana rugaruga (wapiganaji) wake mwenyewe, hela yake mwenyewe, njia ya misafara anaifunga na kuifungua. Sasa mtemi mwenye hela yake na jeshi lake, wazee watamwambia nini? Watakunywa pombe watamsifia.

Hilo la hela nalikazia kwa sababu watu wa katiba mpya wanaongelea sana uchaguzi na kidogo sana hela. Baba yangu alikuwa mkulima wa tumbaku. Najua bani, lile banda la kukaushia tumbaku, inavyonuka, najua kuamka saa nane usiku kuangalia moto. Mwaka mmoja, mimi bado niko shule, tumeuza marobota yetu vizuri tu, daraja zuri, tunasubiri malipo, yakaja yamekatwa karibu yote. Kuuliza, tukaambiwa ni deni la chama cha msingi, yaani ushirika wetu wa wakulima. Viongozi walikopa pembejeo nyingi kuliko wakulima waliokuwepo, wakasaini kwa niaba ya wote, na sisi tuliolima tukalipa na ya wasiolima. Mzee hakuwahi kusaini popote. Alichosaini ni kuwa mwanachama, basi. Kwenye masharti ya chama hapakuwa na mstari unaosema kiongozi hawezi kukopa zaidi ya kiasi fulani bila mkutano mkuu, au ulikuwepo na hakuna aliyeujua, kwa mkulima ni yale yale.

Deni la taifa nalo linafanana na hilo. Mtoto anayezaliwa leo pale hospitali ya Kitete ameshakatwa. Katiba yenye mipaka inatakiwa iseme wazi nani anakopa, mwisho wapi, nani anapiga kura kabla hela haijaingia, na ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikisomwa nani analazimika kusimama na kujibu, sio tunasikia trilioni ngapi zimeyeyuka wiki moja halafu mpira unaanza tunasahau.

Sasa tuje kwa mheshimiwa wa karibu zaidi, maana Dodoma ni mbali, mkuu wa wilaya yupo hapa. Kuna sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe akae ndani mpaka saa 48. Ina masharti yake, haijasema kamata yeyote aliyekuudhi, lakini nani anayasoma? Mjomba wangu, wilaya fulani ya mkoa huu, aliuliza swali kwenye mkutano wa hadhara kuhusu mchango wa madarasa, michango ya mwaka jana ilienda wapi. Alilala ndani siku mbili, akatoka bila kesi, bila karatasi. Hakupigwa, alipewa hadi uji, anasema mwenyewe huku anacheka. Ila mjomba hajauliza swali tena kwenye mkutano wowote mpaka leo, hata wa ukoo!

Hapo ndipo haki za binadamu kwenye katiba zinapopimwa. Tulipata uhuru 1961 katiba ikiwa haina sura ya haki, wakubwa waliona itawachelewesha, na mwaka uliofuata tu ikaja sheria ya kuweka watu kizuizini. Haki zimeingia kwenye katiba 1984. Miaka 23. Na zilipoingia ziliingia na mkia. Ibara ya 14 inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake "kwa mujibu wa sheria". Huo mkia ndio ninaouogopa. Kwenye kikoba ni sawa na kuandika mwanachama ana haki ya kupata akiba yake, kwa utaratibu ambao mwenyekiti atapanga. Mama yangu yule wa kufuli asingekubali huo mstari hata kwa dawa. Kama haki inahitaji mipaka basi mipaka yenyewe iandikwe humo humo kwenye katiba, na anayeibana ndiye athibitishe mahakamani kwa nini, sio mjomba athibitishe kwa nini asilale ndani.

Na ukishaandika yote hayo, swali linabaki, nani anaweza kufuta? Hapa nina mfano ambao huwa nawapa wateja wakinizoea. Mchungaji Mtikila alienda mahakamani kudai mtu agombee bila chama. 1994 Mahakama Kuu ikampa haki. Serikali ikafanya nini? Ikapeleka muswada bungeni, katiba ikabadilishwa, kwisha habari. Mzee hakukata tamaa, akarudi, Mahakama Kuu ikampa tena 2006, Mahakama ya Rufani 2010 ikatengua, akaenda mahakama ya Afrika pale Arusha, 2013 ikasema Tanzania imekiuka haki. Alifariki 2015, mgombea binafsi hayupo. Kwa sababu ibara ya 98 kwa mambo mengi inataka theluthi mbili ya wabunge tu, na chama kimoja kikiwa na zaidi ya theluthi mbili siku zote basi hiyo ni kufuli ambayo ufunguo wake umening'inizwa mlangoni. Wajerumani baada ya kuungua na Hitler waliandika 1949 kwamba kuna mambo hata bunge zima likikubaliana haliwezi kuyagusa, utu wa mtu ukiwemo. Sisemi tufike huko kwa kila kitu. Lakini ukomo wa urais, haki za msingi, uhuru wa mahakama, hivyo visiguswe bila kura ya wananchi wenyewe.

Mnakumbuka mchakato wa katiba mpya wa Jaji Warioba lakini? Tume ilizunguka, watu walisema yao, rasimu ya pili ikakabidhiwa mwisho wa Desemba 2013. Kwenye ile rasimu wananchi waliweka mambo ya mipaka kwelikweli: mbunge mwisho vipindi vitatu, wapiga kura waweze kumrudisha nyumbani kabla ya muda, waziri asiwe mbunge. Ikaenda Bunge Maalum 2014. Na Bunge Maalum lilikuwa nani? Wabunge wote, wawakilishi wa Zanzibar, na watu 201 walioteuliwa na rais. Unampa mbunge aandike mbunge akae miaka mingapi! Vile vifungu vikanyofolewa. Nchi nzima ikabaki inabishana Muungano uwe na serikali mbili au tatu, UKAWA (umoja wa vyama vya upinzani) wakatoka nje Aprili, Katiba Inayopendekezwa ikapita Oktoba, kura ya maoni ilipangwa Aprili 2015 ikaahirishwa na mpaka leo haijapigwa. Mi naona (mtanikasirikia) ule mjadala wa serikali ngapi ulitula muda mwingi mno. Serikali tatu zisizo na kufuli ni watu watatu wenye funguo za sanduku lako.

Aliyeongoza lile bunge ni mtoto wa nyumbani, Mzee Sitta wa Urambo, Mungu amlaze pema. Na hapa sitaki kumsema vibaya maana huyo huyo akiwa Spika 2005 mpaka 2010 aliliacha bunge likafanya kazi, kamati teule ya Richmond, ule mkataba wa umeme wenye utata, ikatoka, Februari 2008 waziri mkuu akajiuzulu. Huku kwetu tulitembea vifua mbele. Lakini jiulize, bunge lilipata meno kwa sababu ya katiba au kwa sababu ya Sitta? Uchaguzi wa 2010 ukaisha, chama kikasema safari hii spika awe mwanamke, yeye akabaki nje, basi. Kama meno ya bunge yanaondoka na mtu mmoja ujue yalikuwa ya bandia, na mtu yule yule ukimweka kwenye kiti kingine 2014 atafanya kile ambacho kiti hicho kinamruhusu.

Afrika Kusini walijifunga mikono kabla ya kuanza, hiyo naipenda sana. Walikubaliana kanuni 34 kwanza, wakati hakuna anayejua kwa uhakika atapata kura ngapi, halafu bunge lililochaguliwa likaandika katiba, halafu mahakama ya katiba ikaangalia kama kanuni zimefuatwa. Septemba 1996 mahakama ikawarudishia, rekebisheni hapa na hapa. Wakarekebisha, Desemba ikapita. Hao ni wale wale waliotoka kushinda na Mandela mbele yao, na mahakama ikawaambia bado.

Majirani Kenya wana mambo yao, msinianze, ila katiba ya 2010 ilifanya mahakama ifute matokeo ya urais Septemba 2017 na nchi haikuanguka. Na kaunti zao zimeandikiwa kwenye katiba angalau asilimia 15 ya mapato. Sisi serikali za mitaa zimetajwa ibara ya 145 na 146 kwa maneno mazuri ya kupeleka madaraka kwa wananchi, mengine yote yameachiwa sheria. Matokeo yake 2016 kodi ya majengo ikahamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, mamlaka ya mapato, kwa sheria tu, na sasa unalipa ukinunua umeme wa LUKU. Diwani wangu alikuwa analala, akaamka kodi haipo.

Najua kuna mtu atasema kufuli nyingi zinachelewesha maendeleo, na sitabisha kijinga kwa sababu nimeona. Kikoba cha yule mama mwaka jana mtoto wa mwanachama aliugua usiku, mwenye ufunguo mmoja yuko msibani Nzega, sanduku halifunguki. Walichanga mkono kwa mkono mpaka ikapatikana. Wiki iliyofuata wakarudi kwangu kuongeza kifungu: mfuko wa jamii utengwe pembeni, kiasi kidogo, mtu mmoja anaweza kutoa kwa dharura, na kikao kinachofuata anasoma ametoa ngapi kwa nani. Si mnaona? Hawakuvunja kufuli. Walitengeneza dharura yenye ukubwa wake na muda wake. Serikali yenye mipaka siyo serikali isiyofanya kitu, mi nataka maji ya Ziwa Victoria yatoke bombani kila siku, nataka barabara, nataka dawa hospitali. Nataka tu kujua nani ana ufunguo gani na nikimkuta usiku kwenye sanduku nimpeleke wapi.

Juzi Jumatano akina mama wale wamekuja tena, wanne. Wanataka kubadilisha kifungu cha funguo, mmoja wa wenye funguo anahamia Kaliua kwa mwanae. Nikafungua faili, nikaanza kuchapa, mama mwenyekiti akaniambia ngoja kwanza, soma kifungu cha mwisho. Nikasoma kwa sauti: kifungu cha funguo hakitabadilishwa isipokuwa kwa saini za wanachama wote 25. Akahesabu kwenye karatasi. Zilikuwa 24. Mmoja yuko shamba, huko hakuna mtandao. Nikamwambia mama, si atakubali tu, mnamjua, niwachapie mmalize, nauli mmeshatumia.

"Hapana baba. Tutarudi Jumamosi."

Wakanilipa mia mbili ya kopi moja, wakaondoka.